Chaza, Kamba na Samaki wa Sokoni: Jawabu kwa Ndugu Zetu wa Kitale na Bungoma

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake bahari na mito na maziwa, akawapa humo chakula kipya na mapambo ya kuvaa; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tumepokea barua kutoka kwa ndugu zetu wenyeji wa Mombasa na Lamu wakaao Bungoma kwa kazi na biashara, nao watuuliza khabari ya karamu moja. Jamaa mmoja katika wao aliletewa kutoka Pwani kasha la barafu, ndani yake mna kamba na chaza, akawaalika wenziwe wa msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Walipokaa kula, baadhi ya wageni, wenye kufuata madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, walijizuia, na mmoja wao akasema kuwa chaza si chakula cha Muislamu. Mwenye nyumba aliona ametahayarishwa mbele ya watu, akajibu kwa maneno makali. Barua yasema kuwa hata leo wako wawili wasiopeana mikono, na mmoja wao huihama safu akimwona mwenziwe amesimama. Twaulizwa, nani mwenye haki?

Twapenda kulijibu hili kwanza, kisha tuseme juu ya mambo ambayo barua haikuyataja, nayo kwetu sisi ni mazito kuliko chaza wote wa Bahari ya Hindi.

Asili ya jambo iko wazi. Katika Suratul Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia vinavyovuliwa baharini na chakula chake, kiwe manufaa kwa aliye mjini na aliye safarini. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na watu wa vyomboni kama watawadhe kwa maji ya bahari, hakuishia kwenye swali lao tu, bali aliwaongezea kuwa hata mfu wa bahari ni halali kuliwa. Tena iko khabari mashuhuri ya jeshi la Abu Ubaida, watu kiasi cha 300, waliopatwa na njaa hata wakala majani ya miti, mpaka bahari ikawatupia ufukweni samaki mkubwa mno. Wakamla siku nyingi, na waliporejea Madina Mtume mwenyewe akaomba kipande akala, ili isibaki shaka yoyote katika nyoyo zao.

Kwa hayo na mfano wake, kauli yenye kutegemewa kwetu Mashafii ni kwamba kila kisichoishi ila majini ni halali, vyovyote vile kilivyokufa, wala hakihitaji kuchinjwa. Ama Mahanafi, wao wameifahamu ruhusa hiyo kuwa ni ya samaki tu, na chaza si samaki. Kamba wao wenyewe wamekhitilafiana juu yake, wengine wamemhesabu katika samaki na wengine hawakumhesabu. Haya si maneno yaliyozuliwa Bungoma mwaka huu. Ni rai ya maimamu, nayo ina umri wa miaka zaidi ya elfu.

Wala asidhani mwenzetu Mshafii kwamba chaza kwetu hakuwahi kuulizwa. Vitabu vyetu vyataja kijinyama cha majini chenye gamba, kilichokuwa kikiliwa Misri, jina lake danilasi, nacho ni jamaa ya hawa chaza na kombe tuwajuao. Ibn Adlan na wanavyuoni wa zama zake walitoa fat'wa kuwa ni halali, na hiyo ndiyo iliyotegemewa na wengi waliokuja nyuma. Lakini imenakiliwa kutoka kwa Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki Misri mwaka 1262, kuwa yeye alikiharamisha. Huyo ni Mshafii, tena katika wakubwa wao! Basi kama bwana huyu angalikuwako kwenye karamu ya Bungoma, angalijizuia pamoja na wale Mahanafi. Na sijui mwenye nyumba angalimwambia nini.

Tena twaomba radhi kwa kuligusa jambo la kaa. Wengi wetu Pwani twamla bila ya kuuliza, ilhali Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomwa katika darsa zetu, yamweka safu moja na chura, kwa kuwa huishi nchi kavu na majini. Hatutaki kuwafukuza watu jikoni mwao, lakini si uungwana mtu kumcheka mwenziwe kwa madhehebu yake hali ya kuwa yeye ya kwake hayajui.

Basi aliyekula hakukosa, na aliyejizuia hakukosa. Aliyejizuia alikuwa na haki ya kunyamaza, ale wali na mchuzi mwingine, asikitie ila chakula cha watu. Sahaba Khalid bin Walid alimla kenge wa jangwani mbele ya Mtume (S.A.W.), na Mtume mwenyewe hakumla kwa kuwa nafsi yake haikumpenda, wala hakumharamishia Khalid. Sinia lilikuwa moja. Ama hao wawili wasiopeana mikono, hao wameacha jambo lililo khitilafu wakashika jambo ambalo haramu yake haina khitilafu hata kidogo, nayo ni kumhama Muislamu mwenzio zaidi ya siku tatu. Na wapeane mikono kabla ya kumaliza kuisoma karatasi hii.

Liko na jambo la afya. Kutoka Mombasa mpaka Bungoma ni mwendo wa karibu kilomita 900. Chaza huishi kwa kuyachuja maji anamokaa, akila vilivyomo. Basi maji yakiwa safi naye huwa safi, na maji yakiwa na uchafu wa mitaro na vyoo, uchafu huo hubaki ndani yake. Sisi wa mijini twajua ni mitaro mingapi inayomwagika katika vikono vya bahari yetu. Chaza aliyeokotwa karibu na mdomo wa mtaro, akaliwa mbichi, huweza kumtia mtu tumbo la kuhara, hata kipindupindu. Na aliye hai hufumba gamba lake akiguswa. Aliyebaki wazi asifumbe ni wa kutupwa, umbali wowote aliotoka. Qur'ani haikutuamrisha kula kilicho halali tu, bali imetaja pamoja nacho kilicho kizuri, na kizuri ni kile kisichodhuru.

Sasa tuje sokoni, maana huko ndiko kwenye maneno yetu.

Tumepata kupita Kitale na Bungoma, tukaona riziki ya majini inavyowafikia watu wakaao mbali na mawimbi. Kitale iko juu, kwenye baridi na mashamba ya mahindi. Lakini ndiyo mlango wa njia ya kwenda Lodwar na Ziwa Turkana, mwendo wa kiasi cha kilomita 300 mpaka Lodwar penyewe, na kwa njia hiyo huteremshwa samaki wakavu, waliopasuliwa na kutiwa chumvi mfano wa ng'onda wetu. Bungoma nayo hupata samaki wake zaidi kutoka Ziwa Viktoria, kupitia Kisumu na upande wa Busia. Humo utamkuta ngege, na mbuta mkubwa aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na kitu akala aina nyingi za samaki wadogo wa asili, na omena, dagaa wa ziwani, waliomwagwa juu ya magunia wakimetameta kama sarafu. Wako pia samaki wa mabwawani, khasa tangu mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipogharimia kuchimbwa mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi.

Baadhi ya watu wetu wafikapo huko husita. Husema, samaki huyu amevuliwa na Mturkana au Mjaluo asiyekuwa Muislamu, tutamlaje? Hilo ni shaka lisilo na msingi. Samaki hachinjwi, basi dini ya mvuvi haina kazi hapo; na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kuwa windo la bahari huliwa akiwa amelivua Mnasara, au Myahudi, au hata Mmajusi. La kuuliza mkahawani ni mafuta, yamekaangiwa nini kabla ya samaki huyo. Na samaki wa bwawa linalorutubishwa kwa samadi ya kuku ni halali. Akiwa nyama yake inanuka uchafu, basi awekwe katika maji safi mpaka harufu imtoke, ndipo aliwe.

Lakini wapi tuonapo watu wakisita kwa ajili ya uongo?

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina akamkuta mtu na rundo la nafaka. Akatia mkono ndani, vidole vikatoka na majimaji. Mtu yule akasema mvua imeinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona, akatoa hukumu kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja nasi. Tazama, ndugu msomaji, nafaka ile ilikuwa halali, na mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lilikuwa ni kuificha.

Na samaki ana mificho mingi kuliko nafaka. Samaki wa jana humwagiwa maji ang'are kama wa leo. Wakubwa hupangwa juu na waliolegea chini. Samaki mkavu, ili asiingiwe na wadudu, wako wafanyao biashara katika nchi nyingi za Afrika wamnyunyiziao dawa ya kuulia wadudu, na mnunuzi akampeleka kwa watoto wake. Na hivi karibuni umezuka mfano mpya kabisa. Samaki wa kufugwa kutoka Uchina, wagumu kama mawe kwa barafu, huingizwa Kenya kwa wingi, na mwaka 2018 mambo yao yalipata kelele kubwa hata Rais akayasemea. Sisi hatuwaharamishi, ni samaki, na samaki ni halali atoke Uchina au atoke Kalokol. Lakini mchuuzi anapowayeyusha asubuhi, akawapanga kibandani, na mama akamwuliza kama hawa ni wa ziwani, naye akajibu ndiyo, basi hapo amekula haramu ndani ya samaki halali. Amechukua bei ya kitu ambacho hakukiuza. Asiseme kuwa wachuuzi wote hufanya hivyo. Kaburini hatalala na wachuuzi wote.

Twageukia jambo la pili. Katika Suratul A'raf, kuanzia aya ya 163, tumesimuliwa habari ya mji uliokuwa kando ya bahari, ambao watu wake walikatazwa kuvua siku ya Jumamosi. Samaki wakawa wanawajia siku hiyo waziwazi juu ya maji, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wameeleza kuwa walifanya hila, wakatega nyavu na mabwawa kabla ya siku yenyewe, wakatoa baada yake, wakajiona hawakuvunja amri. Mji ule ukawa makundi matatu: waliovua, waliokataza, na walionyamaza wakiwauliza wanaokataza mna faida gani kuwaonya hawa. Adhabu iliposhuka, Qur'ani imetaja waziwazi kuokoka kwa waliokataza.

Sisi tuliijua kisa hiki tangu chuoni, lakini hatukukifikiri mpaka tulipoisikia khabari ya omena. Kwa miaka mingi serikali ya Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena toka tarehe 1 Aprili hata tarehe 31 Julai, ili wapate kuzaa na kukua. Mtu atasema, hiyo ni sheria ya serikali, si Sabato. Ni kweli. Lakini mtawala akiamrisha jambo lenye maslaha ya watu wote wala si maasi, kumtii ni wajibu, na maslaha gani yaliyo wazi kuliko haya, kwamba tukila vifaranga leo hapatakuwa na kuku kesho? Na hila ni zile zile. Hutumiwa chandarua chenye matundu madogo kuliko sheria, kikatupwa usiku. Wako waliopita kiasi wakavua hata kwa sumu ya mashamba, mpaka mwaka 1999 nchi za Jumuiya ya Ulaya zikakataa samaki wa Ziwa Viktoria kwa ajili hiyo, na wavuvi wema wakaadhibiwa pamoja na waovu. Basi mnunuzi wa Bungoma anapoona kwenye meza samaki mchanga asiyetimia shubiri, asijione yuko mbali na ziwa. Yeye ndiye anayeifanya hila ile iwe na faida.

Na tusijidai wa Pwani. Baruti zilivunja miamba yetu pia, na kokoro zetu zimekusanya hata mayai. Heri tuwatazame wenzetu wa Pemba. Kisiwani Misali, magharibi ya Pemba, palifanywa hifadhi mwaka 1998, na baada yake wavuvi wakafundishwa, kwa aya na hadithi, kuwa mwanadamu ni khalifa katika ardhi, na kwamba kuharibu mwamba kwa baruti ni israfu na ufisadi. Wenyeji husimulia kuwa kisiwa kile kilipata jina kwa Nabii Khidhri aliyekifanya msala wa kusalia. Kisa hicho hatukijui sanadi yake, wala hatukihitaji, kwani aya zatosha. Kisiwa Panza nako, na kwingineko Unguja na Pemba, watu wa mji hukubaliana kufunga mwamba wa pweza kwa miezi, kisha huufungua kwa siku moja, wakapata pweza wakubwa. Hakuna polisi katika hayo, pana ahadi tu baina ya majirani. Na wanawake waokotao chaza na kombe maji yanapokupwa wangefaa kufanya vivyo hivyo, wakaacha wadogo juu ya jiwe.

Liko la tatu, nalo twaliandika kwa haya, lakini kulificha ni dhulma. Katika fuo za Ziwa Viktoria iko desturi iitwayo jaboya. Mwanamke mchuuzi huenda ufukweni na pesa zake mkononi, na mvuvi, kwa kuwa samaki ni wachache na wanunuzi ni wengi, hukataa kumwuzia mpaka ampe na mwili wake. Wengi wao ni wajane wenye watoto. Kwa njia hii maradhi ya Ukimwi yameenea katika vijiji vya ziwani kuliko mahali pengi pa nchi. Samaki yule hutiwa kikapuni, akapakiwa garini, akafika sokoni, akaliwa na watu waliotawadha. Hatusemi kila samaki ni huyo, wala kila mvuvi ni huyo. Wako wavuvi wamchao Mungu, na wako wa dini nyingine wenye murua kuwashinda wengi wetu. Wala hatusemi kuwa mnunuzi asiyejua amekula haramu, maana mnunuzi wa mwisho hapati dhambi ya asiyoyajua. Lakini sasa tumejua.

Nini la kufanya? Mwaka 2011 wanawake wa Nduru, karibu na Kisumu, walianza kumiliki mashua zao wenyewe kwa msaada waliopewa, wakaajiri wanaume wawavulie, wakaacha kuwaomba wenye mashua. Mwanamke mwenye mashua hawekewi sharti na mtu. Mwaka 2020 ziwa likafurika, likawatoa majumbani mwao, na mengi waliyoyajenga yakaharibika. Wanawake hao si Waislamu, na waliowasaidia si Waislamu. Twajiuliza, sisi tuliopewa amri ya kukopeshana mkopo mwema usio na riba, tena tumepewa mbele ya watu wote, tulikuwa wapi? Misikitini mwa Bungoma, Kitale na Mumias, na kwetu Mombasa, wako watu ambao gharama ya karamu moja ya chaza na kamba ingemtoshea mjane mmoja sehemu ya nyavu. Tumewaandikia waliotuletea barua tukiwashauri kuanzisha sanduku la mkopo mwema kwa wachuuzi wa samaki wa mji wao, Waislamu na wasio Waislamu, na wale wawili waliogombana wawe ndio washika funguo, kila mmoja na wake, lisifunguke sanduku ila wakiwa pamoja.

Limebaki swali dogo mwishoni mwa barua, kutoka kwa kijana mmoja mchuuzi, ambaye kwa muda aliwauza samaki wa barafu kwa jina la ziwa. Ataka kutubu, afanye nini? Twamjibu kuwa, mbali na kuacha na kujuta, wanunuzi awajuao awaendee awaambie, nao wana khiari ya kudai tofauti ya bei au kumsamehe. Asiowajua, na akadirie kwa insafu ile ziada aliyoipata juu ya bei ya samaki wa barafu, aitoe sadaka kwa niaba yao kidogo kidogo kadiri awezavyo, na hii haina haja ya kutangazwa. Ama biashara yenyewe asiiache. Na aandike ubao aushike kibandani, kwa maandishi makubwa: hawa ni wa ziwani, na hawa ni wa barafu, na bei ya kila mmoja pembeni yake.